Barafu kwanza, mtoto wa pili, samaki mwisho: kuvua pachi na trauti na familia nzima

Kwetu safari ya barafuni, yaani kwenda kuvua samaki kupitia matundu tunayotoboa kwenye ziwa lililoganda, inaanza kuongelewa hata ziwa halijaganda vizuri, na anayeianzisha siku zote ni babu yao watoto, yaani baba mkwe wangu, mzee ambaye kavua kwenye barafu tangu yuko kijana mdogo. Mi nimeingia kwenye huu uvuvi kwa kuolewa, watoto wangu wao wamezaliwa wameukuta, na kwa miaka yote niliyotembea nyuma ya huyu mzee nimebaki na msimamo mmoja ambao siuachii: ukienda na familia, barafu ndio inaamua kwanza, mtoto mdogo kuliko wote anaamua wa pili, na samaki anakuja mwisho kabisa. Watu wengi wanaanzia kwa samaki, utasikia mtu anauliza chambo gani, kina gani, saa ngapi wanakula, na hapo hajauliza barafu ina unene gani wala mtoto kavaa nini miguuni. Maswali ya samaki ni mazuri na nitayafikia, nayapenda sana tu, ila yanasubiri zamu yake.

Basi tuanze na barafu. Kipimo ambacho wavuvi wengi wanakishika ni sentimita 10 za barafu ngumu angavu kwa mtu anayetembea kwa miguu, na hiyo ni chini kabisa, chini ya hapo hatuongei. Msalaba Mwekundu wa Kanada wao wako juu zaidi, wanasema sentimita 15 kwa mtu mmoja na 20 kama ni kundi la watu, na sisi tukiwa na watoto tunafuata hiyo ya 20, maana familia haikai mbalimbali hata uiambie vipi, mtoto mmoja akinasa samaki wote wanakimbilia tundu moja na uzito wote unakuwa sehemu moja. Halafu sio barafu zote ni sawa. Ile inayoonekana nyeusi au ya bluu, unaona mpaka maji chini, ndiyo yenye nguvu. Ile nyeupe imetokana na theluji iliyolowa ikaganda, ina vipovu vya hewa ndani, nguvu yake inahesabiwa nusu, kwa hiyo unataka unene mara mbili. Na theluji juu ya barafu ni kama blanketi, inazuia baridi isishuke, unakuta nje baridi inauma mpaka machozi yanatoka lakini chini ya theluji nene barafu haijaongezeka kitu.

Mzee anatangulia na mtaimbo. Anaupiga mbele yake kila hatua chache, kwa nguvu, na anasikiliza. Barafu nzuri inarudisha sauti kavu na mtaimbo unaruka mkononi, barafu mbovu inatoa sauti butu na ncha inazama. Kila baada ya mwendo anatoboa tundu la kupimia, anashusha rula yenye ndoano mwishoni, anaikwamisha kwa chini na kusoma. Sio mwanzoni tu, ni njia nzima, kwa sababu barafu ya ziwa moja haina unene mmoja: mto unapoingia na unapotoka ni nyembamba, kwenye chemchemi ni nyembamba, kando ya matete na kwenye miti iliyozama nako vilevile. Kuna asubuhi moja tulishafika, sledi zimepakiwa, yaani vile vitoroli visivyo na magurudumu vya kuburuta mizigo kwenye theluji, watoto wamevaa na wana hamu zao, mzee akaenda mpaka karibu na matete akapiga pigo la pili tu maji yakapanda juu ya buti lake. Akageuka taratibu akasema, "Haya, tugeuze." Kijana wangu wa miaka 11 akaanza kulalamika, "Lakini babu, si unaona wale pale mbele wanavua?" Mzee akamjibu, "Nimewaona mjukuu wangu. Watu sio kipimo." Tukapakia upya tukazunguka mpaka upande wa pili wa ziwa ambako ufukwe unashuka taratibu na hakuna mto unaoingia, tukapima tukakuta barafu nene ya kutosha, tukavua huko. Ilikula nusu ya asubuhi na mtoto alinuna njia nzima, na mi sijaona hasara yoyote hapo. Hilo la watu sio kipimo nimelishika, maana kuona hema na watu katikati ya ziwa kunakuvuta sana, unajiambia mbona wao wako salama, na hujui wao walipita wapi wala kama walipima.

Kuhusu kuzama, hili tunalisema wazi mbele ya watoto, hatuwafichi. Yupo profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Gordon Giesbrecht, amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya baridi mara nyingi tu kwa ajili ya utafiti, na yeye ndiye anayefundisha ile hesabu ya moja, kumi, moja. Dakika moja ya kutuliza pumzi, kwa sababu maji ya baridi yanakufanya uheme haraka bila kutaka na wengi wanapaliwa hapohapo. Dakika kumi za mikono na miguu kukutii. Na saa moja hivi kabla baridi haijakupotezea fahamu. Maana yake mtu akitumbukia hafi saa hiyo hiyo kama watu wanavyodhani, ana muda, ila muda wa kutumia mikono ni mfupi sana, kwa hiyo pumzi kwanza, halafu geukia upande uliotokea maana huko ndiko barafu ilikubeba, piga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, jivute, na ukishatoka usisimame, biringika mpaka mbali. Kila mmoja wetu ana vile vishikizo viwili vyenye misumari vimening'inia shingoni nje ya jaketi, sio mfukoni, maana barafu iliyolowa haina pa kushika na mfukoni hutafungua zipu na glavu. Tunafanya mazoezi nyumbani kwenye zulia, watoto wanalala kifudifudi wanajivuta kwa mikono, wanacheka sana, na waache wacheke, mwili unakumbuka. Wadogo wanavaa na jaketi la kuelea juu ya nguo zote. Kamba ndefu anabeba mzee na nyingine anabeba mume wangu, hazikai kwenye sledi moja.

Mwaka wa kwanza aliokuja, binti yangu wa mwisho alitishwa na sauti. Ziwa lililoganda linaongea, baridi ikizidi au jua likipanda barafu inasinyaa na kutanuka, inapasuka mistari, na mpasuko unasafiri kilomita nzima chini ya miguu yako na mlio mzito unaoishia kwa mbali. Mtoto akaning'ang'ania mguuni. Babu yake akapiga magoti akamwonyesha kwenye tundu, akamwambia tazama unene huu, akaweka kiganja chake kwa wima mara mbili kupima, akamweleza kwamba barafu inapokua inajinyoosha. Na ni kweli, ule mlio kwenye barafu nene ni kawaida. Kitu cha kuogopa ni maji yanayopanda juu bila sababu, au barafu kulegea chini ya mguu. Mtoto akielewa tofauti ya vitu hivyo viwili anatulia, ukimwambia tu usiogope hatulii.

Kitu kingine kilichowashangaza watoto, na mimi pia nikiwa mgeni, ni kwamba chini huko kuna joto kuliko juu. Maji yanakuwa mazito kuliko yote kwenye nyuzi 4 hivi, kwa hiyo maji ya nyuzi 4 yanazama kukaa chini, na yale ya baridi zaidi yanabaki juu mpaka yanaganda. Ndiyo maana ziwa linaganda kuanzia juu na samaki wanaendelea na maisha. Hili sio somo la darasani tu, ukishalijua unaelewa samaki kakaa wapi.

Sasa mtoto. Mtoto haumwi na baridi ya hewa peke yake, anaumwa na barafu aliyoisimamia na jasho lake mwenyewe. Pamba ikilowa imekwisha kazi, kwa hiyo nguo ya ndani iwe ya sufu au ya nailoni zile za michezo, katikati kitu kinene, juu kitu kisichopitisha upepo. Soksi jozi moja nene ndani ya buti lenye nafasi. Watu wanamvalisha mtoto soksi tatu, buti linabana, damu haipiti, na mguu unaganda haraka kuliko wa aliyevaa moja. Glavu beba nyingi kuliko unavyoona zinahitajika, maana mtoto atachovya mkono kwenye tundu, hilo wala usibishane nalo, atachovya. Chini ya miguu tunaweka kipande cha godoro la sponji au ubao, na ndoo ya kukalia iwe na kifuniko cha sponji. Na wakati wa kutembea kwenda, sledi inaburutwa taratibu na jaketi zimefunguliwa, hata kama unasikia ubaridi kidogo, kwa sababu ukifika umelowa jasho siku yako imeharibika.

Mimi kazi yangu kubwa barafuni ni kuangalia nyuso. Nakagua mashavu, ncha ya pua na masikio, nikiona doa jeupe au mtoto ananiambia "mama hapa sisikii kitu" basi tunaingia hemani palepale, napaweka kiganja changu chenye joto mpaka rangi irudi, bila kusugua, kusugua kunachana ngozi. Mtoto aliyekuwa anapiga kelele akanyamaza ghafla namfuata haraka kuliko anayelia. Na yule mdogo akisema anataka kurudi nyumbani tunarudi, wote au na mzazi mmoja, hatumbembelezi kwa dakika kumi nyingine hata kama pachi ndio wameanza kula. Wifi yangu hakubaliani na mimi sana hapo, yeye anaona watoto wazoeshwe kuvumilia, ila watoto wangu kila msimu wanauliza wenyewe tunaenda lini, na nina uhakika ni kwa sababu hakuna aliyewahi kushikiliwa kule akiwa anaumia.

Hema zuri linabadilisha siku nzima, ila ndani ya hema kuna jiko la gesi na hapo nina ukali. Jiko likiwaka sehemu iliyofungwa linaweza kutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, dalili ni kichwa kuuma na usingizi, na mtoto mwenye usingizi nani atashangaa? Kwetu tundu la hewa la juu na la chini yako wazi muda wote, kile king'ora kidogo cha betri kinaning'inia ndani, na hakuna anayelala na jiko linawaka. Mume wangu alikuwa na tabia ya kuziba tundu la chini na theluji upepo ukizidi, tumeongea, ameacha.

Haya, samaki.

Pachi ninayemsema hapa ni yule wa maji ya baridi, wa familia nyingine kabisa na sangara, mdogo, wengi ni sentimita 15 mpaka 25, mwili wa dhahabu na kijani wenye mistari mieusi inayoshuka ubavuni, mapezi ya chini yana rangi ya chungwa, na pezi la mgongoni lina miiba ya kukuchoma ukimshika vibaya. Yupo wa Amerika ya Kaskazini na yupo wa Ulaya, ni ndugu wa karibu na tabia zao zinafanana. Kwa safari ya familia huyu ndio samaki. Anatembea kwa makundi, anakula mchana kwa sababu anawinda kwa macho, na jua likizama anashuka kutulia chini, kwa hiyo saa zake na saa za watoto zinalingana kabisa. Mtoto hahitaji kuamka usiku wala kukaa mpaka giza.

Ila pachi hasubiriwi, anatafutwa. Hii ndio tofauti kubwa na watu wengi hawaiamini, wanatoboa tundu moja, wanakaa juu yake mpaka mchana, wanasema ziwa halina samaki. Sisi tunatoboa matundu mengi kabla hatujashusha mshipi hata mmoja, mstari kutoka maji mafupi ya mita 3 kwenda mita 8 au 9, mume wangu na kekee ya betri, kijana nyuma yake na kile kijiko kikubwa cha matundu anatoa vipande vya barafu. Halafu kila mtu anaanza tundu lake, dakika tano hivi, hakuna kitu unahama. Yule wa kwanza kupata anapiga kelele na wote tunasogelea, kwa nafasi. Watoto wanaipenda hii sehemu kwa sababu wanatembea na mtoto anayetembea hapati baridi. Sona tunayo moja, kile kifaa kinachotumia sauti kuonyesha kilichopo chini ya maji, inasaidia kuona kina na kama kuna kitu kinapita, ila nimemkataza kijana asiishike muda wote, akiishika anaangalia skrini tu, hata fimbo ya kuvulia anaisahau.

Wanakaa karibu na chini, nusu mita mpaka mita moja kutoka kwenye tope, na tope lenyewe ndio jikoni kwao, lina vile viluwiluwi vyekundu vya wadudu wanaofanana na mbu, pachi anavichimbua. Kwa hiyo unashusha chambo mpaka kiguse tope, unakigonga mara mbili tatu kinapandisha vumbi, halafu unakiinua kidogo kidogo unakitetemesha, unasimama. Anakula kikiwa kimesimama. Chambo chenyewe kidogo, ndoana ndogo yenye kichwa kizito cha rangi, funza mmoja au wawili kwenye ncha, mshipi mwembamba wa kuhimili kilo 1 mpaka 2. Mshipi mnene maji yakiwa angavu hivyo wanauona.

Na pachi hadonoi kwa nguvu, ukitegemea mkono uliovaa glavu hutasikia kitu. Siku binti yangu alipomnasa wa kwanza kwa mikono yake, tulikuwa tumekaa wawili kwenye tundu moja, ufito wake mfupi una kale kawaya laini mbele kwenye ncha, nkamwambia usiangalie tundu angalia kawaya. Kawaya kalikuwa kameinama kidogo kwa uzito wa chambo. Kakatulia. Halafu kakanyooka, yaani hakakuvutwa chini hata kidogo, kalipanda juu kama nusu ya kidole, maana samaki alikuwa amekichukua chambo kutokea chini na kukiinua. Mtoto akanitazama, "Mama, uzito umepotea." Nkamwambia inua. Akainua, ufito ukapinda, ukawa unatikisika vile vya pachi, vya kutingisha kichwa, na mtoto badala ya kuzungusha roda ya kukunjia mshipi akarudi nyuma kwa miguu, akaburuta mshipi wote juu ya theluji mpaka samaki akatokeza kwenye tundu na maji ya barafu yakafurika. Pachi mwenyewe mdogo, lakini mapezi yale ya chungwa juu ya theluji nyeupe, mtoto alipiga magoti akamwangalia muda mrefu, anauliza mbona anafungua mdomo, mbona macho yake ni ya dhahabu. Akamrudisha majini yeye mwenyewe. Ile hisia ya uzito kupotea tumeitumia kuwafundisha wengine wote tangu hapo, hata wifi, ambaye alikuwa anasubiri kuvutwa.

Trauti ni habari nyingine kabisa. Pachi unamfuata, trauti yeye ndio anazunguka na wewe unakaa njiani kwake. Nazungumzia trauti wa upinde wa mvua, yule anayepandikizwa kwenye maziwa mengi, na kipindi cha barafu watu wanamtafuta chini sana wakati mara nyingi yuko juu, mita moja mbili chini ya barafu, au kwenye maji ya mita 2 tu karibu na ufukwe. Sababu mojawapo ni hewa. Theluji ikifunika barafu mwanga haupiti, mimea ya chini haitengenezi oksijeni, majani yanaoza na kuoza kunaitumia, na oksijeni inaanza kuisha kuanzia chini kwenda juu. Pachi anavumilia hali hiyo zaidi, trauti havumilii, anapanda. Kwa hiyo kadiri msimu unavyokwenda ndivyo mzee anavyopandisha chambo chake.

Na maji mafupi yanataka utulivu. Tundu zote za trauti zinatobolewa mapema, gizani kabla hakujakucha, halafu kekee haiguswi tena upande ule. Watu hawatembei ovyo juu yake, ndoo haziangushwi, na tundu tunalifunika na theluji kidogo ili mwanga usishuke kama taa na kumshtua. Ndiyo maana tunagawanyika: watoto na kelele zao na mimi tunakuwa kwa pachi, mzee na wifi wanakaa kwa trauti mbali kabisa, na kijana anachagua mwenyewe siku hiyo anataka nini. Akichagua trauti anajua kachagua kukaa kimya, hatumlazimishi. Mgawanyo huu ndio uliookoa amani ya safari zetu. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa anamnyamazisha mwingine, na kumnyamazisha mtoto wa miaka sita juu ya ziwa zuri namna ile ni uonevu.

Saa za trauti ni alfajiri na jioni. Mzee anatumia vile vitegesho vyenye bendera, unakitega juu ya tundu na samaki akivuta mshipi bendera inaruka, na fimbo moja anaishika mkononi. Kule tunakovua idadi ya mishipi kwa kila mtu imewekwa na sheria, na leseni, na idadi ya samaki wa kuchukua, na kuna sehemu hata chambo cha samaki hai kimekatazwa. Sheria zinatofautiana ziwa na ziwa, jirani tu hapo, kwa hiyo mume wangu anasoma kila mwaka upya kabla hatujafunga mizigo na anawasomea wote mezani.

Kuna jioni bendera iliruka mimi nikiwa nimeenda tu kuwapelekea chai. Wifi alikuwa ameenda kuchukua kuni, mzee akaniambia, "Nenda mwanangu, huyo ni wako." Nkapiga magoti. Mshipi ulikuwa unatoka kwenye roda taratibu halafu ghafla kwa kasi, nkaushika kwa vidole vitupu, nkakaza kidogo tu. Trauti hatingishi kichwa, anakimbia. Anakimbia mpaka mbali, unamvuta, anafika chini ya tundu unaona ubavu wa fedha na ule mstari wa waridi unapita, na hapo ndio watu wanampoteza, maana akiona mwanga anageuka na mshipi unasuguliwa kwenye ukingo wa barafu. Mzee alikuwa ananiambia polepole tu, "Mwachie, mwachie, sasa vuta." Nkamwachia mara kadhaa. Alipoinua kichwa chenyewe kwenye tundu nkamteleza nje kwa mwendo mmoja. Alikuwa mkubwa, urefu wa mkono wangu kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole. Yule tulimchukua, alipigwa kichwani mara moja na kutolewa damu palepale, hivyo ndivyo mzee anavyotaka, samaki asiachwe anarukaruka juu ya barafu mpaka aishiwe.

Kuhusu kurudisha samaki majini naomba nikae hapo kidogo, kwa sababu wengi wanadhani ukimrudisha basi umemwokoa. Pachi ana kibofu cha hewa kilichofungwa, hakina njia ya kwenda kooni. Ukimtoa kina kirefu haraka, kuanzia mita 10 kwenda chini hivi, hewa inatanuka, tumbo linavimba, wakati mwingine mfuko wa chakula wa tumboni unatokeza mdomoni. Huyo ukimrudisha anaelea tumbo juu, chini ya barafu, na wengi wanakufa. Trauti yeye ana njia ya kutolea hewa mdomoni, anajisaidia. Kwa hiyo sisi pachi hatuwavui kwenye kina hicho kabisa, hata sona ikionyesha kundi zima limelala huko. Tukishapata wa kutosha tunahama kwenda maji mafupi au tunafunga. Na yeyote wa kurudishwa anarudishwa palepale, mikono imelowa, hakuna kumlaza juu ya theluji kwa ajili ya picha, maana kwenye baridi kali macho na mashavu yake yanaganda kwa muda mfupi tu. Picha zetu nyingi ni za samaki akiwa bado ndani ya tundu, na ni nzuri.

Mwishoni mwa msimu pachi wakubwa tumboni wana mayai, karibu wote wakubwa ni majike, na majira ya kuchipua yakifika watayatandaza kwenye mimea kama utepe mrefu. Hao wakubwa tunawarudisha, tunachukua wa kati. Mzee alikuwa habishani na mtu kuhusu hilo ila aliposikia kijana wangu anamweleza mwenzake sababu yake, nilimwona anavyomtazama.

Na barafu ya mwisho wa msimu ndio mtihani mkubwa, kwa sababu inadanganya rula. Jua likianza kuwa kali barafu inaoza kutokea ndani, inajigawa vijiti virefu vya wima vilivyosimama bega kwa bega, unene unaweza kusoma sentimita 40 na bado mtaimbo ukapita kwa pigo moja. Rangi inakuwa ya kijivu, ukingoni inaachana na nchi kavu. Safari hii ya mwisho pachi walikuwa wanakula sana, watu walikuwepo ziwani, na rula ilisoma vizuri tu. Mtaimbo alikuwa ameshika kijana, mara yake ya kwanza kutangulia, babu yake hatua chache nyuma. Akapiga, akasikiliza, akapiga tena pembeni, vijiti vikamwagika kwenye tundu. Akageuka akatuambia tugeuze. Tukaburuta sledi mpaka kwenye gari, fimbo zikafutwa maji na kurudishwa stoo, na wifi akaanza kuuliza matete yatachipua lini ili tuje na mtumbwi.